Saa Janja Mkononi: Namba Ipi Uiamini, Ipi Uiache, na Namna ya Kuijaribu Mwenyewe

Mwaka 1861 msafiri Mwingereza John Hanning Speke alifika Bweranyange, makao ya Mfalme Rumanyika wa Karagwe. Akiwa hapo alitoa utepe na kumpima shemeji wa mfalme, mama aliyenenepeshwa kwa maziwa kama ilivyokuwa fahari ya jumba lile: mkono, kifua, paja, shavu la mguu, kisha urefu. Kumzungushia mama wa watu utepe namna ile ni kukosa adabu, na leo jambo hilo lingelaaniwa. Hata hivyo, alipoandika kitabu chake Speke alitenda haki moja. Alisema vipimo vyote ni kamili isipokuwa urefu, ambao hakuweza kuupata vizuri.

Saa janja haikwambii hivyo. Kwenye kioo kimoja, kwa maandishi ya ukubwa uleule, inakuonyesha hatua ulizotembea, mapigo ya moyo, oksijeni, presha, na siku hizi hata sukari. Namba moja inaweza kuwa imekosea kidogo tu. Nyingine inaweza kuwa haikupimwa kabisa. Kazi ya kuzitenganisha imebaki kwako, na mwongozo huu unaonyesha namna ya kuifanya ukiwa Kayanga, Omurushaka, Nkwenda au Murongo, hapa Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera, bila maabara na bila kulipa chochote.

Kwanza: saa inaona nini?

Igeuze saa yako. Mgongoni kuna vitaa vidogo, kwa kawaida vya kijani. Damu hufyonza mwanga wa kijani, kwa hiyo kila moyo unaposukuma damu, mwanga unaorudi kwenye saa hupungua kidogo, na moyo ukitulia huongezeka. Saa huhesabu kupanda na kushuka huko. Hayo ndiyo mapigo unayoyaona kwenye kioo. Kwa oksijeni hutumia mwanga mwekundu na mwingine usioonekana kwa macho. Hatua huhesabiwa na kifaa kingine ndani yake, kinachohisi mtikisiko wa mkono.

Kwa hiyo saa ya kawaida ina vitu viwili tu vya kuanzia: mwanga na mtikisiko. Kalori, usingizi, uchovu na "umri wa mwili" vyote ni hesabu za kukisia zilizojengwa juu ya hivyo viwili, pamoja na umri, uzito na urefu ulioujaza siku ya kwanza. Ukijaza uzito wa uongo, saa itakukokotolea kalori za mtu mwingine.

Mwanga huo huharibiwa na mambo ya kawaida kabisa. Asubuhi ya baridi kwenye miinuko ya Karagwe, mishipa ya mkononi hujikunja na damu hupita kidogo. Jasho na udongo huziba kioo. Tattoo chini ya saa huzuia mwanga. Mkanda ukilegea, mwanga wa jua huingia kwa pembeni. Na ukishika jembe, misuli ya kiganja na kifundo hukaza na saa husogea kila unapoinua na kushusha.

Jaribio la ndizi

Hapa Kagera hakuna anayekosa kifaa cha jaribio hili. Funga saa yako kwenye ndizi mbichi, kaza mkanda, kisha bonyeza kipimo cha mapigo.

Usishtuke ikitoa namba. Mwaka 2018 watu wengi nchini China walionyesha mtandaoni bangili zao zikisoma "mapigo ya moyo" ya karatasi ya chooni, na baadhi zilikuwa za kampuni zenye sifa. Sababu ni kwamba mwanga unarudi hata ukigonga kitu kisicho na damu, na programu iliyotengenezwa kutafuta mdundo hujaribu kuupata hata pale usipokuwepo. Jaribio hili linakufundisha kwamba namba kutokea kwenye kioo si ushahidi kuwa kitu kimepimwa.

Sasa bonyeza presha. Bonyeza sukari, kama ipo. Saa ikikwambia ndizi ina presha ya 118 kwa 76, umepata jibu lako. Usitumie tena kipengele hicho, wala usimwonyeshe mgonjwa.

Jaribu mapigo: dakika tano zinatosha

Hapa ndipo saa nyingi hufanya vizuri, hasa mtu akiwa ametulia. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walijaribu vifaa saba kwa watu 60. Sita kati ya hivyo vilipima mapigo kwa kosa lisilozidi asilimia 5. Vifaa vyenyewe ni vya zamani sasa, na yako huenda si miongoni mwake, kwa hiyo ijaribu.

1. Kaa kitini dakika tano bila kuongea na bila simu.
2. Vaa saa kidole kimoja juu ya mfupa wa kifundo, imebana lakini haiachi alama nzito.
3. Weka vidole viwili vya mkono wenye saa kwenye kifundo cha mkono mwingine, upande wa dole gumba. Usitumie dole gumba kupapasa, kwa kuwa lina mdundo wake.
4. Mwombe mtu akushikie muda. Hesabu midundo kwa sekunde 60 kamili.
5. Mtu huyo asome saa mwanzoni, katikati na mwishoni, aandike bila kukutajia.
6. Rudia siku tatu tofauti.

Tofauti ya midundo mitano au chini ya hapo ni nzuri. Ikizidi kumi mara kwa mara, saa hiyo ni ya kuangalia muda tu.

Kisha rudia baada ya kupanda mlima kwa kasi au kukimbia. Usishangae kosa likiongezeka. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walipima watu 53 wa rangi mbalimbali za ngozi, na wakakuta kosa la mapigo wakati wa shughuli lilikuwa kubwa kuliko wakati wa kupumzika kwa wastani wa asilimia 30. Katika jaribio lile rangi ya ngozi haikuleta tofauti kubwa kwenye mapigo. Aina ya kifaa na mwendo wa mwili ndivyo vilivyoleta tofauti.

Kosa moja huwapata sana wakimbiaji. Mguu ukigonga ardhi mara 160 kwa dakika, saa inaweza kuudaka mtikisiko huo na kuuita mapigo ya moyo. Ukiona mapigo yamepanda ghafla hadi 160 na kuganda hapo huku unapumua vizuri na kuongea bila shida, simama na uhesabu kwa vidole. Ukisimama na namba ikaporomoka mara moja, ujue zilikuwa hatua zako.

Hatua: saa haijui kazi ya shamba

Tembea hatua 100 ukizihesabu kwa sauti, kwenye njia tambarare, mikono ikiyumba kawaida. Saa ikionyesha kati ya 95 na 105, inafaa. Kisha ijaribu kwenye maisha halisi, maana hapo ndipo mambo hubadilika.

Sukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi. Mikono imeshika usukani, haiyumbi, na saa inaweza kuhesabu sehemu ndogo tu ya hatua zako. Mtu anayetembea kutoka shambani hadi sokoni akisukuma mzigo wa kumtoa jasho anaweza kuambiwa "leo umekaa sana". Beba mtoto au ndoo kwa mkono wenye saa, tatizo ni lilelile. Ukipanda bodaboda kwenye barabara ya vumbi kuelekea Kaisho, huenda ukavuna hatua ambazo hukuzitembea. Kupalilia nako huhesabiwa ovyo: mara saa huona hatua, mara haioni chochote.

Ukitaka hesabu iliyo karibu na ukweli wakati wa kusukuma baiskeli, iweke saa kwenye mfuko wa suruali. Hapo itahisi mwendo wa mguu.

Na kuhusu zile hatua 10,000 zinazoleta shangwe na mtetemo kwenye kioo: asili yake ni Japani, ambako mwaka 1965 kampuni moja iliuza kifaa cha kuhesabu hatua kilichoitwa "manpo-kei", yaani kipima hatua elfu kumi. Lilikuwa jina la biashara. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na kulima, kufyeka na kubeba maji ni miongoni mwa shughuli zinazohesabika. Mkulima wa Nyaishozi aliyeshinda na jembe hana haja ya kuzunguka nyumba usiku akitafuta hatua zilizobaki.

Kalori ziache kabisa. Katika utafiti uleule wa Stanford, kifaa kilichofanya vizuri kuliko vyote kilikosea kwa asilimia 27, na kibaya zaidi kwa asilimia 93. Usipunguze wala kuongeza chakula kwa kufuata namba hiyo.

KISANDUKU: Uiamini kwa kiasi gani?

- Mapigo ukiwa umetulia: iamini, baada ya kuijaribu.
- Mapigo ukiwa kazini au mbioni: ichukulie kama makadirio.
- Hatua za kutembea mikono mitupu: iamini.
- Hatua za kusukuma, kubeba au kupanda bodaboda: iache.
- Muda uliolala: makadirio. Saa mara nyingi hudhani umelala kumbe umetulia tu.
- Aina za usingizi na kalori: iache.
- Oksijeni: usiitumie kuamua kubaki nyumbani.
- Joto la mwili: usiitumie kuondoa wasiwasi wa homa.
- Presha bila mkanda wa kujaa hewa: iache.
- Sukari bila kutoboa ngozi: iache kabisa.

Presha: hapa watu wanaumia

Fikiria mama mwenye presha, anayemeza dawa kila siku. Mwanawe anamtumia saa kutoka mjini. Kila asubuhi inamwambia 117 kwa 75. Baada ya wiki mbili anaona amepona, na dawa ni gharama, basi anaacha. Saa ile haikumpima. Ilichukua mapigo yake na umri, ikakisia namba inayofanana na ya mtu mzima mwenye afya. Presha haina maumivu ya kumwonya, na kinachofuata kinaweza kuwa kiharusi.

Kupima presha kwa njia inayoaminika kunahitaji kuubana mshipa kwa mkanda unaojaa hewa, kisha kuuachia taratibu. Zipo saa chache za kweli zenye mkanda mdogo wa hewa ndani yake, kama Omron HeartGuide na Huawei Watch D. Zipo pia za Samsung zinazokadiria presha kwa mwanga, lakini kampuni yenyewe inamtaka mtumiaji azisawazishe na mashine ya mkanda kila baada ya siku 28. Saa yako kama haina mkanda wa hewa, na haijawahi kukuomba uisawazishe na mashine, namba yake ya presha haina msingi.

Pima hivi, kwa mashine ya mkanda wa mkono wa juu:

1. Nusu saa kabla, usinywe kahawa wala usitafune akamwani. Kahawa ya kutafuna ni kahawa, nayo hupandisha presha na mapigo. Usivute sigara, usitoke kubeba mzigo.
2. Nenda haja ndogo kwanza. Kibofu kilichojaa huongeza namba.
3. Kaa dakika tano, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili sakafuni, miguu haijapishana.
4. Weka mkono mezani, mkanda uwe usawa wa moyo, juu ya ngozi, si juu ya sweta.
5. Usiongee. Pima, subiri dakika moja au mbili, pima tena.
6. Andika namba zote, tarehe na saa kwenye daftari.

Namba ikifika 140 kwa 90 au zaidi katika siku tofauti, nenda zahanati au kituo cha afya na daftari lako. Ikifika 180 kwa 120 pamoja na maumivu ya kifua, kichwa kuuma vikali, kuona ukungu, ulegevu wa upande mmoja au ulimi mzito, usisubiri kesho. Tafuta usafiri hadi hospitali, iwe Nyakahanga kwa walio Karagwe au Isingiro kwa walio Kyerwa.

Dawa ya presha haiachwi wala haipunguzwi kwa sababu ya saa. Anayebadilisha dozi ni mtoa huduma aliyekupima kwa mkanda.

Sukari

Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo la wazi: haikuwa imeidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Anayechoma insulini kwa kufuata saa ya aina hiyo anaweza kushusha sukari hadi akazimia. Vile vibandiko vya mkononi vinavyovaliwa na baadhi ya wagonjwa wa kisukari ni kitu kingine, kwa kuwa vina kijiuzi kinachoingia chini ya ngozi, na saa huonyesha tu namba inayotumwa na kibandiko.

Oksijeni na ngozi nyeusi

Desemba 2020 jarida la kitabibu la New England lilichapisha uchunguzi kutoka hospitali za Marekani. Kati ya vipimo ambamo kifaa cha kidoleni kilionyesha oksijeni ya kutosha, damu yenyewe ilionyesha upungufu uliojificha katika asilimia 11.7 kwa wagonjwa weusi, dhidi ya asilimia 3.6 kwa wazungu. Hivyo vilikuwa vifaa vya hospitali, vinavyobana kidole. Saa ya mkononi ina kazi ngumu zaidi.

Maana yake kwako ni hii: kosa linaloogopwa ni lile la kukutuliza. Saa inasema 96 wakati mwili una upungufu. Kwa hiyo mtoto anayehema haraka, mbavu zikiingia ndani, au mzee ambaye midomo yake inabadilika rangi, hapimwi kwa saa. Anapelekwa. Upande wa pili, kwenye vilima vyetu vinavyofika mita 1,500 na zaidi, mtu mwenye afya anaweza kusoma pungufu kidogo kuliko jamaa yake wa Dar es Salaam. Namba 94 asubuhi ya baridi kwa mtu anayepumua vizuri irudiwe baada ya kupasha mikono joto.

Homa

Saa zenye kipimo cha joto hupima joto la ngozi ya mkono, nalo hushuka na baridi na kupanda ukikaa karibu na jiko. Kagera ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, na utafiti umethibitisha kwamba Karagwe kuna vimelea vilivyoanza kustahimili dawa ya artemisinini, kwa hiyo kumeza dawa kwa kubahatisha ni hatari maradufu. Mkoa huu pia umekutana na ugonjwa wa Marburg mara mbili, Machi 2023 na Januari 2025. Mwenye homa apimwe kwa kipimajoto cha kwapani na kipimo cha malaria, na asizuiwe na saa iliyoandika 36.5.

Jambo moja saa hulifanya vizuri katika magonjwa: ukiwa na kumbukumbu ya mapigo yako ya kila usiku kwa mwezi mzima, ukaona yamepanda kwa kumi usiku mbili mfululizo, kuna kitu. Inaweza kuwa homa inayoanza, uchovu, ujauzito, au pombe ya rubisi ya jana. Saa haijui ni kipi, ila imekupa sababu ya kujichunguza.

Ikikuonya kwamba mapigo hayana mpangilio

Onyo hili lisidharauliwe wala lisikutoe roho. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu saa za Apple, watu 419,297 walishiriki, na waliopata onyo walikuwa karibu nusu ya asilimia moja. Kati ya walioonywa, wakatumiwa kipimo cha kubandika kifuani na kukirudisha, asilimia 34 walikutwa na tatizo la mdundo lililotafutwa. Hesabu mapigo kwa vidole dakika nzima. Yakiruka ovyo, nenda hospitali yenye mashine ya kupima umeme wa moyo (ECG), ukiuliza kwanza kwa simu ili usipoteze nauli. Ukizimia au kifua kikibana, ni dharura, saa iwe imeonya au haikuonya.

Kabla hujalipa dukani

☐ Je, inadai kupima sukari? Ikidai, rudisha. Muuzaji wa dai hilo hafai kuaminiwa kwa mengine.
☐ Je, inadai presha bila mkanda wa hewa na bila kusawazishwa?
☐ Je, unaruhusiwa kuivaa dakika kumi na kuhesabu mapigo yako papo hapo?
☐ Je, programu yake ya simu inafunguka kwenye simu yako, au inataka toleo jipya?
☐ Je, inataka majina ya simu yako, ujumbe na picha ili tu ihesabu hatua? Kataa ruhusa hizo. Taarifa za afya yako zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini kinga ya kwanza ni kutozitoa.
☐ Je, chaji hukaa siku ngapi? Saa inayolala mezani ikisubiri umeme haina kumbukumbu za kukusaidia.

Siku yako ijayo ya kliniki, nenda ukiwa umeivaa saa hiyo. Mwombe muuguzi akupime presha na mapigo kwa vifaa vyake, uandike namba zake upande mmoja wa daftari na za saa upande wa pili. Fanya hivyo mara tatu, kisha zima kipengele chochote kilichopishana mno na vyake. Na wewe uliye Dar es Salaam, Kampala au Muscat, unayetafuta zawadi ya kumtumia mama Kaisho au Bugene: mtumie mashine ya presha ya mkanda wa mkono wa juu, yenye mkanda unaomtosha, pamoja na betri za akiba na daftari.